Feria, Aliyezaliwa Siku Isiyo na Mtakatifu

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Katoro, nanyi nyote mliofika kutoka Ushirombo, Runzewe na Buseresere, Tumsifu Yesu Kristo. Na ndugu zetu Waislamu, assalam alaykum. Mama tunayemzika leo hakupenda maneno marefu makaburini. Kwenye misiba ya watu alisimama nyuma kabisa, karibu na njia, kikapu mkononi, na msomaji akizidisha yeye alianza kuaga majirani mmoja mmoja. Kwa hiyo tutayasema yake kwa mwendo aliouzoea.

Marehemu Feria Apolinari alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 11 Machi 1936, katika kijiji cha Ilembwe, upande wa Ushirombo. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Apolinari Bujiku na mama Limi. Mzee Apolinari alikuwa sakristani wa kigango. Alipiga kengele, akafua nguo za altare, akafukuza mbuzi mlangoni, na juu ya hayo ndiye aliyewatafutia watoto wa kijiji majina ya ubatizo. Desturi ilikuwa mtoto achukue mtakatifu wa siku aliyozaliwa, ndiye awe somo wake, wa kumsemea mbinguni maisha yake yote. Wazazi walileta tarehe. Mzee aliingia sakristia, akatazama kalenda ya Kilatini iliyotundikwa nyuma ya mlango, akatoka na jina. Kilatini hakukijua, lakini alijua kwamba mbele ya kila tarehe kuna mtu wa Mungu.

Alipozaliwa bintiye alikwenda kujitazamia mwenyewe. Tarehe kumi walikuwepo mashahidi arobaini kwa mpigo. Tarehe kumi na mbili alikuwepo Papa Gregori. Katikati yao, tarehe kumi na moja, paliandikwa Feria. Mzee akashusha kidole, akamkuta Feria tena tarehe kumi na tatu, tena kumi na nne, na huko mbele tena na tena. Akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeokota ng'ombe.

"Mama, huyu wetu ni mkubwa," alimwambia mkewe. "Yosefu mwenyewe, mchumba wa Bikira Maria, Kwaresima hii ana siku moja. Feria ana siku chungu nzima."

"Ni mwanamke?"

"Hakuna mwanamume anayeweza kuitwa hivyo."

Mtoto akabatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 11 Aprili 1936. Padre aliyebatiza alikuwa mgeni wa siku hiyo, watoto walikuwa wengi na wote wanalia. Aliposikia jina alitabasamu kidogo, akamimina maji.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1946 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1949. Wenzake waliosoma naye wanasema alikuwa mwepesi wa hesabu na mzito wa kukaa kwenye benchi. Shuleni hapo kila mtoto aliadhimisha sikukuu ya somo wake: alipewa kikombe cha chai ya sukari, kisha alisimama mbele ya darasa kueleza maisha ya mtakatifu huyo. Feria alingoja zamu yake mwaka mzima. Alimwuliza baba yake habari za Mtakatifu Feria, baba akasema habari zake zimo vitabuni. Vitabuni hazikuwemo. Siku ilipofika, chai ikiwa imekwisha kunywewa, alisimama akaeleza kwamba Mtakatifu Feria alikuwa binti wa mfalme wa nchi ya mbali, akakataa kuolewa na mpagani, akatupwa kwenye pango la fisi. Fisi wakamnusa, wakashauriana, wakasema, "Huyu hatumli."

"Fisi hawasemi," akadakia mvulana mmoja nyuma.

"Wa kwenu hawasemi," Feria akamjibu. "Wa kule wanasema."

Habari hiyo ikamfikia mzee Apolinari, naye akaipenda mno. Jumapili ambazo padre hakufika, mzee aliwasimulia waumini habari za binti aliyekataliwa na fisi, na kila mwaka fisi waliongezeka. Feria alikaa kwenye mkeka na wanawake, macho chini.

Tarehe 24 Novemba 1956 alifunga ndoa takatifu na Bwana Pantaleo, kijana wa Geita aliyefanya kazi mgodini. Mungu aliwajalia watoto watatu: Anisia, Marcel na Telesfori. Kila mmoja wao alikuja duniani akiwa na somo anayejulikana. Waliomjua Bwana Pantaleo wanajua kwamba ni mtu wa kukaa. Kiti chake kiko mahali pake, na yeye yuko kwenye kiti. Waliomjua mama hawakuelewa wawili hao walipatanaje. Jibu ni kwamba mmoja alihitaji mtu wa kumrudia, na mwingine alihitaji mtu wa kumletea habari.

Mwaka 1961 marehemu alimpeleka mwanawe Marcel kubatizwa kwao Ilembwe. Alimkuta padre mpya, Padre Ansgar, kijana aliyetoka seminari karibuni, anayependa kila kitu kiandikwe sawasawa.

"Jina la mama?"

"Feria."

"Feria jina la nyumbani. La ubatizo?"

"Ndilo hilo, Padre. Feria Mtakatifu. Yule aliyekataliwa na fisi."

Padre Ansgar hakucheka, na kwa hilo familia inamshukuru mpaka leo. Alimkaribisha sakristia, akamwonyesha kalenda, akamweleza polepole kwamba kwa Kilatini Kanisa huandika Feria kwenye siku ya kawaida ya juma, siku ambayo haina sikukuu ya mtakatifu yeyote.

"Yaani hapo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Arobaini wamepita jana yake."

"Wamepita."

"Gregori anakuja kesho yake."

"Anakuja."

"Na mimi nimeingia katikati, nyumba tupu." Kisha akauliza, "Padre, miaka yote hii nilipopiga magoti nikasema 'somo wangu uniombee', nani alikuwa anasikia?"

"Mungu alikusikia."

"Mungu najua. Namwulizia wa kunisemea."

Padre alitaka kumpa jina jingine, Felisita, ambaye sikukuu yake ilikuwa siku chache tu kabla ya ile aliyozaliwa. Marehemu alikataa. Alisema mama Felisita ana watu wake tangu zamani, na atashangaa kupokea mgeni wa miaka ishirini na mitano ambaye hakumlea.

Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa baba yake. Mzee alikuwa anasugua vinara vya mishumaa kwa majivu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Padre huyo ni kijana," akasema mzee. "Yuko. Fisi walimkataa."

Marehemu akachukua kinara kimoja akasugua naye, kwa kuwa fisi walikuwa wake. Mzee Apolinari alifariki tarehe 3 Julai 1963. Katika saa yake ya mwisho aliomba isomwe litania ya watakatifu, na baada ya Yosefu aliongeza mwenyewe kwa sauti ya chini, "Mtakatifu Feria." Waliokuwepo wakatazamana. Binti yake, aliyemtunga mtakatifu huyo kwa kikombe cha chai, ndiye peke yake aliyeitikia, "Umwombee."

Tangu hapo hakutulia. Watu waliomfahamu baadaye walidhani alizaliwa hivyo, na kweli mbegu ilikuwepo, lakini ndugu zake wanasema mwendo ule ulianza baada ya siku ile sakristia. Akianza kufagia uani, ufagio ulibaki katikati ya ua. Ibada ikichelewa alitoka nje kutazama barabara. Alikuwa anasema kwamba usiku mmoja tu mapema angekuwa na watu arobaini, na usiku mmoja tu baadaye angekuwa na papa mzima, kwa hiyo asiyewahi na asiyengoja wote ni wajinga, ila asiyewahi amezidi.

Mwaka 1965 mdogo wake, Generoza, alijifungua binti, akampa jina Feria kwa mapenzi ya dada. Marehemu hakupendezwa, lakini mtoto alikuwa amekwisha kubatizwa huko Ilembwe kwa jina la Ana, na Feria likawa la kuitiwa nyumbani. Hakuna aliyemwita Ana. Mtoto huyo alifariki kwa surua mwezi Agosti 1967. Mwaka huo surua ilichukua watoto wengi, wenye majina ya kila namna, na Generoza mwenyewe alimwambia hivyo dada yake mbele ya kaburi. Haikusaidia. Marehemu aliamini kwamba mtoto aliitwa duniani kwa jina ambalo mbinguni hakuna anayeliitikia, ndiyo maana hakupata wa kumtetea. Akaapa kwamba jina lile litakwisha naye. Hilo ndilo jambo alilolipigania nusu ya pili ya maisha yake, na ndugu, tunaweza kusema wazi leo kwamba alishindwa vibaya.

Mgodi wa Geita ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Bwana Pantaleo alikaa nyumbani akingoja ufunguliwe. Mwaka 1968 mama alichoka kungoja, akahamishia familia Katoro, ambako wakati huo palikuwa na maduka machache kando ya barabara, na akaanza biashara ya dagaa na samaki wakavu. Alinunua upande wa Chato na Buseresere, akauza Katoro na Runzewe, na kwenye machimbo madogo ya dhahabu popote watu waliposikika wamechimba duara, ambalo ndilo jina la wachimbaji kwa shimo lao. Alisafiri juu ya malori ya pamba, juu ya magunia ya mihogo, mara nyingi kwa miguu. Dhahabu hakuigusa. Alisema inamfanya mtu akae mahali pamoja anatazama chini.

Katika njia hizo ndipo lilipoanza jambo lililomfanya ajulikane. Machimboni wanaume walikuja na wake zao vijana, mbali na mama zao na mbali na zahanati. Uchungu ukimshika mwanamke, majirani walisema tungoje kidogo tuone. Marehemu hakujua ukunga. Damu ilimtia kizunguzungu. Alichojua ni kwamba kungoja hakumsaidii mtu, basi alikwenda kusimama katikati ya barabara, miguu imeachana, kanga imefungwa kiunoni, mpaka lori likasimama.

"Mayu, toka njiani," dereva mmoja alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Nimejaa."

"Nina mtu na nusu. Hawajazi."

"Nina pamba ya chama cha ushirika."

"Pamba imekwisha zaliwa. Huyu bado. Shuka uninyanyulie."

Wakimwambia haraka haraka haina baraka, alijibu, "Mwambie huyo anayejifungua." Madereva wa njia ya Ushirombo walimjua, na wengine walipomwona kwa mbali walianza kupunguza mwendo kabla hawajajua kuna nini. Wanawake waliofika zahanati wakiwa hai, na watoto wao wakiwa hai, walirudi machimboni wakiwa na deni la shukrani. Huku kwetu shukrani ya namna hiyo hulipwa kwa kumpa mtoto jina.

Wa kwanza alikuwa mke wa mchimbaji kutoka Mara, jina lake Ghati, mwaka 1971. Marehemu alipopata habari kwamba mtoto wa Ghati anabatizwa Jumapili ile Buseresere kwa jina la Feria, aliacha samaki juani, akapanda lori la mkaa, akafika ibada imeanza. Waumini wanakumbuka mwanamke mweusi kwa vumbi la mkaa akipita katikati ya kanisa mpaka mbele.

"Ghati, mwanangu, hilo jina liache."

"Kwa nini, mama?"

"Nalijua. Nimelivaa. Ndani hamna mtu."

"Wewe si mtu?"

"Mimi ni muuza dagaa. Mtoto anahitaji wa juu."

Katekista aliwatuliza. Wakaafikiana mtoto abatizwe Ana, na marehemu akaondoka ameridhika, akidhani amemaliza. Ghati alimwita mwanawe Feria kabla hawajafika nyumbani.

Mwezi Juni 1974 alimfikisha zahanati Mwasiti, mke wa Bashiri mwenye duka la nguo hapa Katoro. Siku ya sita baada ya Mwasiti kujifungua, marehemu alisikia jina linalosubiri kutangazwa kesho yake. Akaenda asubuhi ileile, hakuketi.

"Karibu, Mama Anisia," alisema Mwasiti. "Umekuja kumwona somo yako?"

"Nimekuja kumwondoa. Mwasiti, nisikilize. Jina hilo halina mtakatifu."

Mwasiti akamtazama, kisha akacheka mpaka mtoto akaamka. "Baba Feria," akamwita mumewe aliyekuwa dukani, "njoo usikie. Halina."

"Halina nini?"

"Halina mtakatifu."

"Alhamdulillahi," alisema Bashiri mlangoni. Akamgeukia marehemu kwa heshima. "Shikamoo, mama. Hilo ndilo lililokuwa linanisumbua. Nilimwambia mke wangu, hili jina tulipende, lakini tusije tukatwaa jina la kanisani. Nashukuru umetutoa wasiwasi."

Marehemu aliitikia marahaba, akachukua kikapu chake akatoka. Kesho yake mwalimu wa madrasa aliuliza maana ya jina hilo. Bashiri alimjibu kwamba maana yake ni kuwahi.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kulizuia. Wakristo waliwapa binti zao jina hilo ubavuni mwa Ana na Tereza, Waislamu wakalitoa peke yake, na Wasukuma wasio na dini yoyote wakalitoa kwa kuwa lilisikika kama jina la mtu anayefika. Dereva wa pamba naye alimpa binti yake. Operesheni ya vijiji ilipowaleta watu pamoja, wakawa wawili, watatu katika shule moja, na walimu walilazimika kuwaita kwa majina ya mama zao. Kalenda za kanisa zilibadilika, zikaja za Kiswahili, neno lile likaondoka nyuma ya mlango wa sakristia. Njiani likabaki.

Marehemu hakufurahi. Tunasema hivi kwa kuwa wengi mlidhani alijivuna. Kila aliposikia mwingine amezaliwa, alishika kichwa. "Mwingine tena nje bila mwavuli," alimwambia mumewe.

"Wacha watu wafanye wanavyopenda, Mama Anisia. Kaa kidogo," Bwana Pantaleo alisema kitini kwake.

"Nikikaa, nani atawasemea?"

Na hapo ndipo alipofanya lile ambalo familia ilikuja kulijua polepole. Kwa kuwa aliamini watoto wale hawana wa juu, aliona lazima wapate wa chini. Akaanza kuwaombea yeye mwenyewe, kila siku, mmoja mmoja. Hakuomba akiwa amepiga magoti, maana magoti hayakumweka muda mrefu. Aliomba akitembea, alfajiri, kikapu kichwani, rozari mkononi. Feria wa Ghati. Feria wa Mwasiti. Feria wa dereva. Feria wa kule Runzewe mwenye mguu mbaya. Waliokutana naye njiani wakimsikia ananung'unika walidhani amegombana na mtu. Akiruka mmoja alirudi nyuma mpaka pale alipomruka, kwa miguu hasa, kama mtu aliyeangusha kitu barabarani. Ndiyo sababu siku nyingine alichelewa sokoni, yeye aliyewachukia wachelewaji.

Ugonjwa wake ulianza mwezi Novemba 1986 kwa maumivu ya tumbo. Alitumia miti shamba na vidonge vya dukani, akaendelea na safari. Februari 1987 watoto wake walimpeleka Mwanza, hospitali ya Bugando, ambako madaktari walisema ni saratani na imekwisha enea. Walimhudumia kwa upendo, nasi tunawashukuru. Akarudishwa nyumbani Katoro.

Kitanda kilimshinda kuliko ugonjwa. Alilala kichwa kikiwa miguuni, akahamia mkekani, akataka mlango ufunguliwe, akataka ufungwe. Alipokosa nguvu za kutembea alikosa na nafasi ya kuomba, kwa kuwa hakujua kuomba akiwa amelala, majina yalimchanganyikia. Hilo ndilo lililomliza. Mwanawe Anisia alimkuta Agosti ile amekaa kitandani, miguu sakafuni, analia kimya. Mwasiti alikuwepo, amemletea uji wa mchele.

"Unaumwa wapi, mama?" Anisia aliuliza.

"Siumwi. Nawaza. Mimi nikiondoka, hawa wote watabaki na nani? Huku hakuna, kule hakuna."

Anisia alimwambia habari za huruma ya Mungu, kama anavyoweza mtu aliyelelewa vizuri. Mama akatikisa kichwa. Mwasiti akaweka kibakuli chini.

"Mama Anisia, mimi si wa dini yenu, nikikosea unirekebishe. Hao somo zenu walioko mbinguni, walikuwa malaika?"

"Hapana. Watu."

"Watu wa namna gani?"

"Watu tu. Waliofariki wakiwa na Mungu."

"Na wa kwanza kuitwa Gregori, yeye somo wake alikuwa nani?"

Anisia anasema aliona uso wa mama yake ukibadilika, kama mtu aliyekuwa anatafuta mzigo wake garini na akagundua kwamba ameukalia.

"Unasema mimi," akasema mwisho.

"Mimi sijasema. Nimeuliza."

"Mimi, Mwasiti? Nilimpiga kondakta kwa kikapu."

"Mungu ni mwingi wa kusamehe. Na kondakta yule alistahili."

Mama akacheka, akajishika tumbo, akaacha. "Basi kama ndivyo," alisema, "mbona mnanichelewesha?"

Familia haisemi kwamba marehemu ni mtakatifu. Hilo ni la Mungu na Kanisa lake. Tunasema tu tulichokiona. Kuanzia siku ile hakulia tena, ila hakutulia vilevile. Alitaka waletwe wote. Habari ikapita kwa madereva, na katika wiki zilizofuata barabara ikawaleta: wasichana wa shule, mmoja tayari mwenye mtoto mgongoni, wengine wadogo wameshikwa mkono na mama zao. Waliingia wakisema, "Shikamoo, somo," naye akiitikia, "Marahaba, somo," kisha akawahoji kama msafiri anayewauliza majirani wanataka aletewe nini kutoka sokoni. Nani anaumwa. Nani anasoma darasa la ngapi. Yule mwenye mguu unaendeleaje. Baba ameacha pombe au anasema tu. Alirudia kila jambo kwa sauti ili asilisahau njiani. Mama mmoja alianza kueleza habari ndefu za shamba la mkwewe, marehemu akamkatiza: "Fupisha, mwanangu. Nitazungumza na mtu mkubwa."

Alipokea Sakramenti ya Wagonjwa kwa mikono ya Padre Ansgar, ambaye sasa ana mvi na aliomba mwenyewe kuja kutoka Ushirombo. Padre alimwuliza kama bado ana neno moyoni kuhusu jina lake. Alijibu kwamba neno lilikuwepo, lakini sasa ana haraka.

Alifariki Alhamisi, tarehe 22 Oktoba 1987, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Katoro, akiwa na umri wa miaka hamsini na moja. Bwana Pantaleo alikuwa pembeni yake kwenye kiti. Maneno yake ya mwisho kwa mumewe yalikuwa, "Wewe kaa. Mimi natangulia."

Marehemu ameacha mume, Bwana Pantaleo. Watoto watatu, Anisia, Marcel na Telesfori, pamoja na wajukuu. Mdogo wake, Generoza, na ndugu wote wa Ilembwe. Rafiki yake Mwasiti na nyumba yote ya Bashiri. Na akina Feria, walioko hapa na ambao malori hayajawafikisha bado. Tunawaomba akina Feria wasimame wabebe mashada ya maua. Kuanzia leo ninyi mnaye wa kumwambia.

Watu wengine tukiwazika tunawaombea kwa Mungu awape pumziko. Huyu tukimwombea hilo tu atatushangaa. Ee Bwana, umpokee Feria, mtumishi wako. Umpe amani yako, umwangazie mwanga wako usiozimika. Na akikataa kukaa, mpe nafasi karibu na mlango, mahali anapoweza kukuona na kuiona barabara. Amina.